Coco Em: Ngoma ni ya Nairobi, mbona mshahara uko Ulaya?

Mwisho wa 2023 kuna ngoma moja ya Kikuyu ilizunguka dunia. "Mwaki", yaani moto. Sauti ni ya Sofiya Nzau, Mkenya. Biti ni ya Zerb, DJ kutoka Brazil, na ukiitafuta mtandaoni jina la Zerb ndilo linatangulia. Tiësto, yule mzee wa EDM kutoka Uholanzi, naye akaifanyia rimiksi. Kwa miezi kadhaa watu wa fukwe za mbali walikuwa wanaruka na maneno ya Kikuyu bila kujua hata hiyo ni lugha ya wapi.

Sisi huku tulijivuna, na haki tulikuwa nayo. Ila kuna swali lilipita kimya kimya: kwani Nairobi haina watu wa kutengeneza biti kama hiyo? Wako. Wako wengi, na baadhi yao wameifanya kazi hii zaidi ya miaka kumi. Shida ni kwamba ukitaka kuwasikia kwenye spika za maana, na ukitaka kuwaona wakilipwa vizuri, mara nyingi inabidi ukate tiketi ya ndege.

Ndiyo maana nataka tuongee juu ya Coco Em. Si ati ndiye DJ maarufu zaidi Kenya. Simama kwa steji ya Satellite jioni, uulize watu kumi, na pengine wanane watakuuliza, "Huyo ni nani?" Hilo lenyewe ni sehemu ya stori.

Coco Em ni Emma Nzioka. Kabla ya kushika miksa alikuwa mpiga picha na mtu wa filamu, na kamera hajaiacha. Labda ndiyo sababu seti zake hazina haraka. Ma-DJ wetu wengi wamezoea kubadilisha wimbo kila sekunde arobaini huku hypeman akipiga kelele juu yake. Yeye anauacha wimbo upumue. Utasikia gqom ya Durban, kuduro ya Angola, halafu lingala ya zamani ambayo mamako alikuwa akipikia Jumapili, na katikati ya hayo yote kitu cha Nairobi ambacho hukujua kipo. Hachagui kati ya klabu na nyumbani. Vyote viko kwenye flashi moja.

Mwaka 2022 alitoa EP inayoitwa Kilumi kupitia InFiné, lebo ya Ufaransa. Kama wewe si Mkamba, hilo jina linaweza kukupita. Kilumi ni ngoma ya kitamaduni ya Ukambani, ya akina mama wazee, ya mizimu na ya kuomba mvua. Haina dakika tatu na kiitikio cha TikTok. Mdundo unarudi, unarudi, unarudi, mpaka mtu anayecheza anaacha kuwa yule aliyeingia uwanjani. Sasa nenda kwa mtu yeyote wa tekno aliyelala Berlin wiki moja, mwambie akueleze anatafuta nini pale chini ya spika saa kumi alfajiri. Atakueleza kitu hicho hicho kwa maneno mengi zaidi.

Kwangu hapo ndipo kazi yake inakuwa na uzito. Kuna watayarishaji wanaochukua kipande cha sauti ya mzee anayeimba, wanakibandika juu ya biti ya house ili iitwe ya Kiafrika, basi. Ni pambo, kama shanga kwenye kofia ya mtalii. Kuipa rekodi jina la kilumi ni dai kubwa zaidi: kwamba muziki wa kurudiarudia, wa kutoa mtu jasho usiku kucha, tulikuwa nao kabla ya stima kufika kijijini. Mashine ni chombo kipya tu.

Si mali ya Westlands

Kuna dhana mbaya inayosumbua muziki huu hapa kwetu, kwamba ni wa watoto wa Lavington na wazungu wa NGO. Dhana hiyo inatokana na mahali unapopigwa. Namna unavyotengenezwa ni hadithi nyingine kabisa.

Kapuka ya Ogopa Deejays mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa nini kama si kompyuta na ngoma za mashine? Genge ya Clemo pale Calif Records ilikuwa nini? Ethic walipotoa "Lamba Lolo" mwaka 2018 na gengetone ikalipuka, chini ya yale matusi kulikuwa na biti ya mashine tupu. Na Arbantone ya juzi juzi, inayochukua riddim za zamani za dancehall na ngoma za genge na kuzisuka upya ndani ya laptopu? Kazi kama hiyo ikifanywa Berlin inapewa jina refu na ruzuku. Ikifanywa Eastlands inaitwa kelele za vijana.

Halafu kuna Just a Band. Hawa ni watoto wa Kenyatta University. Walitoa Scratch to Reveal mwaka 2008 na 82 mwaka 2009, na mwaka 2010 video yao ya "Ha-He" ikatupa Makmende, ambaye aliteka intaneti ya Kenya kabla wengi wetu hatujakuwa na simu janja. Watu wanamkumbuka Makmende. Ukiwauliza juu ya muziki uliokuwa chini ya zile ngumi, macho yanapotea. Ulikuwa muziki wa kielektroniki, wa Nairobi, uliotengenezwa na Wakenya wanne kwa akili zao. Hawakusubiri mtu awaambie hiyo ni ya wazungu.

Lakini angalia nani aliwapokea mapema. Goethe-Institut, ile taasisi ya Wajerumani katikati ya jiji, Maendeleo House. Mradi wao uliitwa BLNRB, Berlin na Nairobi zikiwa zimeng'olewa irabu. Uliwaleta Modeselektor, Jahcoozi na Gebrüder Teichmann kutoka Berlin, wakaingia studio na Just a Band, Nazizi na Ukoo Flani, na mwaka 2011 albamu ikatoka. Ilikuwa albamu nzuri, tena ya vurugu nzuri. Baadaye ikaja Santuri, ambayo imefanya mengi kuliko mtu yeyote kufundisha utayarishaji wa muziki huu Afrika Mashariki, na tangu 2021 ina kituo chake ndani ya jengo la The Mall, Westlands. Ukitaka kujua vijana wengi wa fani hii walianza kugusa mashine za kweli wapi, jibu litapita kwenye milango hiyo miwili au mitatu.

Sina ugomvi na Goethe. Wala na Alliance Française hapo karibu. Bila hizo kumbi mbili, nusu ya wasanii wa jiji hili wangekuwa wamefanya shoo zao sebuleni. Ila mradi una tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Mwaka 2023 Goethe-Institut ilitangaza kufunga matawi 9 duniani, yakiwemo ya Bordeaux na Washington. Nairobi haikuguswa. Lakini uamuzi kama huo hufanywa Ujerumani, kwa hesabu za Ujerumani, na siku ukitugusa hakuna mtu Satellite atakayeulizwa maoni yake.

Dar walifanya nini tofauti

Tuvuke mpaka kidogo, maana jirani ana somo.

Singeli ilianza uswahilini Dar es Salaam. Mashine za bei rahisi, biti kasi kiasi kwamba moyo unadai likizo, na vigodoro, zile sherehe za usiku mtaani ambapo spika zinapangwa barabarani. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso, Mburahati. Ulaya ikapagawa. Ma-MC waliokuwa wakirap kwenye mchanga wakajikuta kwenye majukwaa ya tamasha kubwa.

Sasa linganisha. Msanii wa singeli, balozi akimnyima viza, Jumamosi bado kuna sherehe Manzese inayomhitaji. Pesa ni kidogo lakini ipo, na ni ya watu wake. Ulaya kwake ni nyongeza. DJ wa Nairobi anayepiga Afro house na mengine ya upande huo, mlango wa Ulaya ukifungwa, anabaki na nini? Klabu tatu nne za Westlands, tamasha la mwaka mpya Kilifi, na barua ya kuomba ufadhili.

Na Kampala ndiyo imekuwa mama yetu wa kambo kwa muda mrefu. Tamasha la Nyege Nyege lilianza Jinja mwaka 2015, na limepigwa vita kweli. Mwaka 2018 waziri wa maadili wa Uganda wakati huo, Simon Lokodo, alijaribu kulifuta siku chache kabla. Lilifanyika. Slikback wa hapa Nairobi rekodi zake za kwanza zilizomtoa zilipitia Hakuna Kulala, lebo ya watu hao hao. Duma, wale vijana wawili wa Nairobi wanaochanganya metali na kelele za mashine, albamu yao ya 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes. KMRU, ambaye ni Joseph Kamaru mjukuu wa yule Joseph Kamaru mwimbaji wa Kikuyu aliyefariki 2018, albamu yake ya Peel ilitoka 2020 kupitia Editions Mego ya Austria, na siku hizi makao yake ni Berlin. Orodhesha: Kampala, Kampala, Vienna. Kilumi, Ufaransa. Lebo ya Nairobi iko wapi hapo?

Wako waliojaribu. EA Wave, lile kundi la kina Jinku, Hiribae, Ukweli, Nu Fvnk na Sichangi, walionyesha kwamba vijana wa hapa wanaweza kujipanga wenyewe, watoe ngoma wenyewe, wajaze ukumbi wenyewe. Lakini kundi la marafiki ni kitu kimoja. Ofisi yenye mhasibu, wakili na mtu wa kufuata mirabaha ni kitu kingine, na hiyo ndiyo tunakosa.

Kutoka Satellite hadi kwa spika

Kwenye ramani, Satellite na Westlands ni majirani. Mchana unapita Kawangware, unashika James Gichuru, unatokea Waiyaki Way, umefika. Usiku ni nchi mbili tofauti.

Seti nzuri Nairobi huwekwa saa nane au saa tisa usiku. Saa hiyo matatu za Kawangware zimepungua au zimeisha kabisa. Bolt imepanda bei, na dereva akisikia unaenda Satellite anaanza kukuuliza unashukia upande gani hasa. Boda ipo, lakini boda saa kumi alfajiri, na wewe ni msichana, na umevaa ulivyovaa kwenda kucheza? Watu wakiongea juu ya bei ya raha mjini wanataja kiingilio na kinywaji. Mimi nasema kinachoamua nani atakuwa ukumbini ni gari la kurudi. Ndiyo maana ukumbi unajaa watu wanaoishi Kilimani, Lavington na Westlands yenyewe, halafu tunasema watu wa mtaa hawapendi muziki huu. Watausikia wapi?

Kuna wakati tulikaribia kutatua hili bila kukusudia. Kafyu ya korona ilianza Machi 27, 2020, na haikuondolewa hadi Oktoba 20, 2021, karibu miezi 19. Iliua biashara, iliwaacha ma-DJ bila kodi ya nyumba, wengine wakauza mashine zao. Hilo tusilipambe. Lakini polisi wakianza kuwinda watu usiku, sherehe ikahamia mchana. Unaenda saa nane mchana, unacheza, giza likiingia unapanda matatu na watu wanaotoka kazini. Wale wa mitaa ya mbali wakaweza kufika. Kafyu ilipoondoka, waandaaji wengi wakarudisha saa kule kule, kwa sababu pombe huuzwa zaidi usiku, na pombe ndiyo inalipa stima.

Kisha mwishoni mwa 2022 Gavana Johnson Sakaja akatangaza kwamba kaunti haitatoa leseni za klabu za usiku kwenye maeneo ya makazi. Wakazi waliokuwa hawalali walishangilia, na sitawalaumu. Mtoto ana mtihani asubuhi, amapiano inatikisa dirisha. Lakini katazo la jumla lina tabia ya kumponda mdogo. Mwenye klabu kubwa ana wakili. Yule aliyekuwa na kijumba chake kidogo, spika mbili na Alhamisi moja ya house kwa mwezi, huyo ndiye hufunga.

Pombe nayo si nguzo ya kuegemea milele. Julai 2025 sera mpya ya NACADA ilipendekeza umri wa kunywa upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21, na watu maarufu wazuiwe kuitangaza pombe. Makelele yaliyofuata unayakumbuka. Ipite isipite, fikiria shoo unazozijua, kisha toa nembo ya bia kwenye bango. Ngapi zinabaki?

Mtu anayetengeneza ngoma ananyimwa wapi

Kuhusu mirabaha nitakuwa mfupi, maana ni hadithi inayochosha. Mwaka 2017 KECOBO iliinyima MCSK leseni na kuipa MPAKE. Kesi zikafuata, na tangu hapo vita vya nani akusanye pesa za wanamuziki vimebadilisha sura tu. Mwaka 2019 wasanii walipokea takriban Sh2,500 kila mmoja, wakaenda mtandaoni kuuliza kama huo ni mrabaha au nauli. Hao ni wenye nyimbo za redio, zenye maneno, ambazo kila mtu anazijua. Sasa chukua ngoma ya kielektroniki isiyo na mwimbaji, iliyopigwa klabu saa tisa usiku na DJ ambaye haandiki popote alichopiga. Mtengenezaji wake atajuaje? Atadai kwa nani? Kwa mfumo wetu, ngoma hiyo haikupigwa.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini mtu anakimbilia Ulaya. Mwenye ukumbi wa huko anakulipa ulichokubaliana naye, kwa mkataba, na lebo inakutumia hesabu. Huku ma-DJ wachanga wanajua wimbo mwingine: njoo upige bure ujulikane, utapata chupa, tutakutumia M-Pesa Jumatatu. Jumatatu ya mwaka gani?

Ila Ulaya nayo ina mlango wake. Tangu Juni 2024 ada ya viza ya Schengen ni euro 90, na ukinyimwa hurudishiwi. Ongeza barua za benki, barua ya mwaliko, safari za kwenda kuchukuliwa alama za vidole, na wiki za kusubiri huku pasipoti iko kwa wengine. DJ wa Berlin akialikwa Nairobi Ijumaa anaweza kuwa hapa Jumamosi. Wa Nairobi akialikwa Berlin Ijumaa, aanze kuomba miezi miwili nyuma. Halafu huyu wa Berlin ndiye anaitwa mtaalamu wa Afro house. Tuseme ukweli, mtindo huo sasa umekuwa biashara kubwa ya wazungu. Wale wa Keinemusik, ambao ni wa Berlin, wamejaza viwanja vikubwa kwa midundo ambayo mzizi wake uko Afrika Kusini. Black Coffee alipata Grammy ya muziki wa kielektroniki mwaka 2022, na alistahili. Lakini yeye ni mmoja, tena ana Afrika Kusini nzima nyuma yake, nchi ambayo house inapigwa kwa teksi, kwa shebeen na kwa mazishi.

Na Coco Em amefanya nini na hali hii? Angeweza kufanya alivyofanya KMRU, ahame, na hakuna mtu angemlaumu. Kwangu mimi kuhama si usaliti. Msanii ana tumbo kama wewe. Yeye huenda Ulaya kupiga na kurudi. Na kitu alichoanzisha hapa, ambacho naamini kitadumu kuliko seti yoyote, ni Sim Sima, kundi la kuwafunza wanawake kazi ya DJ na kuwatafutia nafasi ya kupiga.

Unaweza kuona ni jambo dogo, kozi ya DJ, mji umejaa kozi za DJ. Ngoja kidogo. Pioneer CDJ-3000 moja, ile mashine utakayoikuta kwenye jukwaa lolote la maana, ilitoka 2020 ikiuzwa zaidi ya dola 2,000. Unahitaji mbili, na miksa katikati. Kwa hesabu hiyo kijana wa Satellite anajifunzia VirtualDJ kwenye laptopu ya binamu yake, na siku akipandishwa jukwaani anakutana na mashine asiyojua hata inawashwaje. Mvulana akikwama hapo kuna rafiki yake ataruka kumsaidia. Msichana akikwama kuna mwanamume ataruka kumwondoa. Hiyo tofauti ndogo inaua kazi nyingi kabla hazijaanza. Kumpa mtu saa kadhaa za kugusa mashine bila kuchekwa ni kumpa ufunguo.

Njia hiyo si mpya. Kampala kuna DJ Rachael, anayetajwa kama DJ wa kwanza mwanamke Afrika Mashariki, aliyeanza miaka ya 90, na mwaka 2016 akaanzisha Femme Electronic kwa kazi kama hii. Hapa Kenya Pierra Makena alithibitisha zamani kwamba mwanamke anaweza kuwa DJ anayelipwa pesa za maana, ingawa kwa muziki wa aina nyingine. Coco Em ameunganisha vitu viwili vilivyokuwa mbali: wanawake kwenye mashine, na muziki wa Kiafrika wa kielektroniki kama chaguo la kwanza badala ya kitu cha kujaza dakika kumi kabla ya mgeni kutoka nje.

Lakini kufunza watu kunaleta deni. Wakishajua kupiga, watapiga wapi? Ukitoa ma-DJ wapya kila mwaka na kumbi ni zile zile, unatoa foleni. Na foleni ya Westlands inajulikana: mwishowe inasonga kwa kujuana, na bosi anakwambia umati wake unataka amapiano na gengetone, basi upige hizo au urudi nyumbani. Hata anayekwambia hivyo hajawahi kuwajaribu na kitu kingine.

Mimi ningependa kuona jaribio moja la bei rahisi. Kaunti ina kumbi za kijamii, na si Kaloleni peke yake. Nyingi hukaa tupu Jumamosi isipokuwa kuna mkutano wa chama au harusi. Chukua moja upande wetu huu wa Dagoretti. Anza saa nane mchana, funga saa mbili usiku, matatu zikiwa bado zinaita abiria. Kiingilio kiwe bei ya sahani ya chipsi na soda. Weka wasichana watatu wa Sim Sima, mtoto mmoja wa Arbantone, na mtu wa kupiga ngoma za kilumi kwa mikono, bila kompyuta, katikati ya seti. Wasiojua Coco Em ni nani wataingia kwa sababu wamesikia kelele na hawana pa kwenda, ambayo ndiyo njia watu wameingia kwenye muziki tangu zamani.

Pengine watatoka baada ya nusu saa wakisema hii ni ngoma gani bana. Pengine hawatatoka. Kwa sasa hakuna anayejua, kwa sababu hatujawauliza. Tumewauliza watu wa Bordeaux.

Spika za kukodi zipo, zile zile za harusi na krusedi, utazipata Naivasha Road bila kutafuta sana. Na majirani wakilalamika juu ya makelele, waambiwe tu kwamba hii itaisha saa mbili. Kesha ya Ijumaa huwa inaisha saa kumi na moja asubuhi, na sijasikia mtu akinyang'anywa leseni.